Orodha ya Chakula Tu

Mwandiko wangu ni mzuri. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu mambo yote yalianzia hapo. Mwalimu Mkuu hakunipa kazi ile kwa sababu ya hekima yangu, wala sikumbuki aliwahi kunidhania kuwa nayo. Alinipa kwa sababu herufi zangu zilisimama wima kwenye karatasi ya manila hata bila mistari, na mwalimu mwenzangu wa sanaa, ambaye ingemfaa zaidi, alikuwa likizo ya uzazi.

Shule yetu ilikuwa Uthiru, juu kidogo ya barabara kuu. Ilikuwa shule ya binafsi ya kutwa, ya wavulana na wasichana, yenye ua wa michongoma na lango lililopakwa rangi upya kila Januari. Kando ya lango, ukutani, palichorwa dunia, na watoto wa kila rangi wameizunguka wakishikana mikono. Mchoraji alikosea vidole, huyu ana vinne, yule ana sita, lakini hakuna aliyejali. Wageni walisimamishwa pale na kuambiwa kwamba wanafunzi wetu walitoka kila pembe ya Kenya na nchi kadhaa za nje. Hilo lilikuwa kweli. Tulikuwa na Wahindi waliozaliwa Nairobi kama babu zao walivyozaliwa Nairobi, Wasomali, watoto wa wakimbizi kutoka Sudan na Kongo, na kijana mmoja Mkorea ambaye baba yake alikuwa mmisionari. Waliobaki, yaani wengi, walikuwa watoto wa wenyeji wa hapa na watoto wa watu waliokuja kutoka magharibi mwa nchi kutafuta kazi. Makabila yenyewe sitayataja. Niliyaandika mara moja kwa wino mzito na imenitosha.

Watoto hao walielewana. Si kwamba walikuwa malaika. Waliibiana kalamu, waliitana majina ya kuudhi, na hakuna aliyenusurika kutaniwa kwa lafudhi ya mama yake. Lakini walielewana kuliko sisi tuliolipwa kuwafundisha. Uchaguzi ule wa mwishoni mwa elfu mbili na saba ulipoharibika na nchi ikaanza kuchomeka, shule zilichelewa kufunguliwa. Tulipofungua nilikuta kwenye chumba cha walimu kuna thamosi mbili za chai. Awali ilikuwa moja. Chai ilipikwa na mama yuleyule, kwenye sufuria ileile, kisha ikamiminwa kwenye thamosi ya dirishani na thamosi ya mlangoni, na kila mwalimu akajua yake ni ipi bila kuambiwa. Watu wenye shahada. Mimi nilikunywa ya dirishani, nikajiambia ni kwa sababu iko karibu na meza yangu. Nyani haoni kundule.

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa chama cha wanahabari. Chama kilikuwa na kazi moja ya maana: kila Ijumaa asubuhi, kwenye paredi, mwanafunzi alisimama mbele ya shule nzima na kusoma habari za wiki kwa Kiswahili. Kwanza za nchini, kisha za nje, mwisho za michezo. Tulizikata kwenye magazeti na kuzitafsiri Alhamisi wakati wa mapumziko. Msomaji wetu tangu kidato cha kwanza alikuwa msichana mmoja mrefu, mwenye sauti isiyo na haraka. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha naibu wa Mwalimu Mkuu, aliyewahi kusema "kitabu yangu" mbele ya wakaguzi na asione ajabu. Msichana huyo alipokuwa akisoma hata wahuni wa kidato cha nne walinyamaza. Sasa alikuwa kidato cha tatu.

Aliishi Riruta, kwenye ploti ya nyumba za kupanga. Mama yake alishona sweta za shule kwa mashine nyumbani, na baba yake alikuwa mhudumu katika hospitali kubwa karibu na Upper Hill. Mama alikuwa mwenyeji wa hapa, baba alitoka magharibi. Mtoto alizaliwa Riruta, akalelewa kwa lugha ya mama, na kanisani na mtaani walimwita kwa jina la bibi yake mzaa mama. Haya yote niliyajua kwa kuwa mlezi wa chama husikia mengi Alhamisi. Sikuwahi kuyapa uzito wowote.

Ijumaa ya kwanza ya muhula aliniletea habari alizoandaa. Alikuwa ameandika kuhusu watu waliolala kwenye viwanja vya makanisa na vituo vya polisi. Aliandika kwa sentensi fupi, bila kulaumu upande wowote. Nilizipitisha. Naibu akazichukua mkononi mwangu dakika tano kabla ya paredi, akazisoma huku akitikisa kichwa, akampa msichana karatasi nyingine. Asubuhi ile shule yenye wanafunzi waliokuwa hawajui shangazi zao wako wapi ilisomewa kwamba mvua inatarajiwa na kwamba miche ya miti nyuma ya maabara imeshika. Wanafunzi walipiga makofi kama ilivyo desturi. Kuanzia siku hiyo kipindi kiliitwa Habari Njema. Sikumwonea naibu haya, nilimdharau tu.

Kisha ikaja chapati. Jumatano ilikuwa siku ya chapati na maharagwe, na wavulana wawili wa kidato cha pili waligombania chapati ya mwisho mpaka sahani ikavunjika. Wavulana wale walikuwa wakigombana tangu darasa la saba, walikuwa majirani, na juma lililofuata walikuwa wakiazimana raba. Lakini mmoja alikuwa mwenyeji na mwingine mtu wa magharibi, na mwalimu wa zamu aliandika kwenye ripoti yake kwamba pametokea uhasama wa kikabila katika bwalo. Chapati ikawa siasa. Alasiri hiyo tulikutana ofisini watu wanne: Mwalimu Mkuu, naibu, mchungaji aliyekuja kuwahubiria wanafunzi siku za Jumanne, na mimi niandike.

Hapo ndipo zilipozaliwa Meza za Umoja. Wanafunzi hawatakaa tena bwaloni wanapopenda. Kila mmoja atapangiwa meza, na kila meza itakuwa na watu wa makabila yote kwa uwiano, pamoja na mgeni mmoja, ili wale pamoja na kujifunza kupendana. Mchungaji akasema ni wazo kutoka juu. Naibu, ambaye mara moja kwa mwaka hufikiri, akasema ili tuwachanganye lazima kwanza tujue nani ni nani. Kwa hiyo iandikwe orodha ya makabila ya shule nzima. Nilitazama nyuso zile tatu nikisubiri mmoja wao acheke. Mwalimu Mkuu alikuwa anachora meza za mviringo kwenye daftari lake.

Wageni hawakutosha meza zote. Ikaamuliwa wazungushwe, kila juma meza tofauti, kama kitoweo. Wahindi wetu, ambao hawakuwahi kuishi popote pengine, wakahesabiwa wageni. Msichana mmoja wao ambaye familia yao haili nyama aliniuliza kama na yeye atazungushwa na kopo lake la chakula. Nikamwambia ndiyo. Akauliza alipaswa kujifunza nini kwa wenzake aliokuwa nao tangu kidato cha kwanza. Nilimwambia aulize ofisini.

Nilipita darasa kwa darasa na fomu yangu. Wakubwa walijibu haraka, wengine kwa mzaha. Wadogo wa kidato cha kwanza ndio walionishinda. Saba kati yao hawakujua kabila lao. Mmoja alisema yeye ni wa Kinoo. Mwingine alisema baba alimwambia wao ni Wapresbiteri. Niliwaambia wakaulize nyumbani, na naibu akawakumbusha kwenye paredi, kwa kipaza sauti, kwamba fomu zisizojazwa zitawacheleweshea wote chakula. Walikwenda nyumbani hawajui, wakarudi wanajua.

Msomaji wangu wa habari alinisubiri nje ya chumba cha walimu, peke yake. Kwenye fomu ya darasa lake alikuwa amejiandika kabila la mama. Nilikuwa nimelikata kwa kalamu nyekundu na kuandika la baba juu yake, jinsi ninavyosahihisha insha. Nilikuwa nimefungua hata faili lake la kusajiliwa kuhakikisha. Mtoto hufuata kwa baba, hilo linajulikana, na mimi sipendi kazi ya ovyo.

"Mwalimu, naomba uache vile niliandika," alisema. "Pale kwa ploti wanatujua na mama."

Nilimwelewa. Watu wakisimulia mambo kama haya hupenda kusema hawakuelewa. Kwenye ploti za Riruta siku zile wapangaji wa magharibi walikuwa wakiambiwa wahame, wengine kwa maneno, wengine kwa mawe juu ya paa. Yeye na familia yake walikuwa bado wanalala kwao kwa sababu baba yake alitoka alfajiri na kurudi jioni, akawasalimu majirani kwa lugha ya mkewe, na hakuna aliyemuuliza zaidi. Msichana alinieleza hayo kwa sentensi tatu, zilezile fupi za habari zake. Alichoniomba ni nusu mstari.

Lakini nilikuwa nimeshapiga hesabu. Meza ya saba ilikuwa imepata uwiano kwa sababu yake. Nikimrudisha upande wa mama, wenyeji wanazidi, na itabidi nipange upya meza tatu.

"Hii ni orodha ya chakula tu," nilimwambia. "Haitoki bwaloni."

Akasema sawa, mwalimu. Alikuwa amefundishwa adabu.

Kazi yenyewe niliifanya nikiifurahia, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo kuliko ujinga wa ofisini. Niliandika kwenye manila nne kubwa. Mwalimu Mkuu alitaka wazazi waone kwa macho kwamba hakuna meza iliyopendelewa, nami nikabuni rangi. Kila kabila nililipa kalamu ya rangi yake, na chini kabisa, kwenye kisanduku nilichopiga mistari kwa rula, nikaeleza rangi ipi ni ya nani. Msichana wangu aliandikwa kwa kijani, majina yake yote matatu, likiwemo la ukoo wa baba ambalo halikuwahi kutamkwa kwenye paredi. Nilizibandika Ijumaa jioni. Nilirudi nyuma hatua chache, nikazitazama, nikaridhika.

Jumamosi palikuwa na mkutano wa wazazi humohumo bwaloni. Mwalimu Mkuu alihutubia juu ya umoja kwa muda mrefu mpaka soda zikapoteza baridi. Mchungaji akaomba. Baadaye wazazi wakapita ukutani na sahani zao za maandazi, wakitafuta majina ya watoto wao, na sikukosa kugundua kwamba walianza kusoma kisanduku cha rangi kabla ya majina. Wafanyabiashara, makarani, wenye mashamba, mama wa kwaya. Wote walisimama pale wakihesabu kijani na bluu kwa ncha ya kidole. Hakuna mzazi aliyeuliza kwa nini orodha hiyo ipo. Mmoja alilalamika kwamba mtoto wake amewekwa karibu na mlango, penye upepo.

Mmoja wao alikuwa mzee wa makamo mwenye kofia ya kitambaa, mjumbe wa kamati ya wazazi, mwenye ploti za kupangisha huko Riruta. Binti yake alikuwa kidato cha kwanza na nilimpangia meza ya saba. Alisimama mbele ya meza hiyo muda mrefu. Kisha akaniita, akaweka kidole kwenye jina la kijani, akaniuliza kama huyu ndiye yule msichana mrefu wa kidato cha tatu. Nikasema ndiye, msomaji wetu wa habari, mtoto mwerevu sana. Akasema anamjua, mama yake hushona sweta. Akalisoma jina la tatu polepole.

"Mwalimu, una mkono," akaniambia. "Hata mtu bila miwani anasoma."

Nilimshukuru. Nilikuwa na habari zote zinazohitajika kichwani: Riruta, ploti, mama wa sweta, nusu mstari nilioombwa. Hazikukutana, kwa sababu nilikuwa nasifiwa. Nimewahi kuwacheka watu wengi kwa kiburi chao, na wote walikuwa angalau wamekijenga juu ya kitu kikubwa kuliko herufi.

Jumatatu hakuja. Jumanne mchana, chakula kikiwa mezani, naibu aliniita bwaloni akiwa na kijitabu chake. Nilidhani atauliza mtoto yuko wapi. Alisema meza ya saba imepungukiwa na kijani mmoja na kwamba wageni kutoka kanisani wangekuja Ijumaa kutazama mpango wetu. Kwa hiyo nitafute kijani mwingine haraka. Nilimtazama mtu yule, tai yake imeingia kwenye maharagwe, nikahisi ningeweza kumtemea mate. Kisha nikaenda kuchukua kalamu. Nilibandika kipande cha karatasi nyeupe juu ya jina lake na kuandika la mvulana kutoka meza ya kumi na mbili. Ukisimama karibu ungeona kijani cha chini kinajitokeza, kwa hiyo nikabandika kipande cha pili.

Alhamisi mama yake alikuja na vitabu. Alivileta kwenye mfuko wa nailoni wa duka, akavipanga mezani kwangu kimoja kimoja, vyote vimejaladiwa kwa gazeti. Chumba cha walimu kilikuwa na watu pande zote mbili za chai, na wote wakagundua kwa pamoja kwamba wana madaftari ya kusahihisha.

Alinisimulia bila kuinua sauti. Mwenye ploti alikuja Jumapili baada ya kanisa, na vijana wawili nyuma yake. Hakutukana mtu. Alisema yeye binafsi hana neno, ni mkristo, ila vijana wa mtaa wakija hatajibu kwa niaba ya mtu aliyemficha asili yake, na kwamba ingekuwa vyema baba na mtoto wake wawe wameondoka kabla ya jioni. Mama angeweza kubaki, yeye ni wa hapa. Baba alibisha kidogo, kwa lugha ya mkewe. Mwenye ploti akamwambia asijisumbue, jina limeandikwa shuleni na kila mtu amelisoma. Wakalala kituo cha polisi, na Jumatatu wakapanda lori lililokuwa na askari, wakaelekea magharibi. Mama alikuwa kwa kaka yake hapa Uthiru, na cherehani ilikuwa bado Riruta.

Msichana alikuwa sasa kwa bibi mzaa baba, mahali ambapo aliwahi kufika mara mbili kwa mazishi. Lugha ya huko haijui hata kusalimu. Watoto wa jirani, kwa kumsikia anavyozungumza, walikuwa wameshampa kabila lingine. Lile la mama yake.

Nilianza kueleza kwamba kamati ilikuwa na nia njema, kwamba orodha haikupaswa kutoka bwaloni. Mama akanisubiri nimalize, jinsi unavyomsubiri mtoto anayekariri.

"Aliniambia alikuambia," akasema.

Kwenye thamosi ya mlangoni mtu alijimiminia chai, taratibu, asipige kelele.

Mama alichotaka ni barua ya kumruhusu msichana ahamie shule ya huko. Ofisini walikuwa wamemwambia arudi Jumatatu, karani hayupo. Binti alikuwa amemwomba barua hiyo niiandike mimi, kwa mkono, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Hakusema hivyo kwa kejeli. Nadhani msichana alimaanisha hivyo tu.

Nikatoa karatasi yenye nembo ya shule na kalamu yangu ya wino. Nikaandika tarehe, nikaandika kwa yeyote anayehusika, nikaandika kwamba mwanafunzi huyu amesoma hapa tangu kidato cha kwanza na tabia yake ni njema. Nilikuwa nimeacha nafasi ya jina. Nilipoirudia, kalamu ikasimama. Nikamuuliza mama aandikwe kwa majina gani.

Alikuwa ameshakunja mfuko wake wa nailoni mara nne, akauweka ndani ya mkoba.

"Andika vile unajua, mwalimu," alisema. "Si wewe ndiye unajua."